Kumrudisha Feza kutoka Kalemie

Tangu nirudi, hakuna anayenisalimia akaishia kwenye salamu. Nikipita kwa vijana wa mototaksi pale Dilala, mtaa wetu hapa Kolwezi, swali. Nikitoka misa, swali. Siwalaumu. Mlisikia kilio cha ile Jumapili kwenye parseli yetu, kiwanja chetu cha nyumba, kila mtu akabeba kipande chake, akaenda kukimalizia nyumbani kwake. Basi nimekaa, nimechukua kalamu. Mapadri walinifundisha mpaka mwaka wa tatu, halafu baba akaniondoa nikashike koleo. Kwa hiyo naandika Kiswahili kile cha mapadri, kadiri kilivyobaki kichwani, ila maneno ya watu nayaacha jinsi yalivyotoka midomoni mwao, "batu" kwa "watu", "njo" kwa "ndiyo". Na Feza mwenyewe nilimwomba ruhusa. Alinijibu, akiniita tata, yaani baba: "Andika, tata. Nilisha kusema mbele ya bote. Kunabakia nini ya kuficha?"

Kolwezi mpaka Tenke

Feza ni mke wa mtoto wangu Kalala, yule anayechimba mawe. Sisi ni Waluba wa Kasai. Babu yangu aliletwa huku kuchimba shaba, nasi tumezaliwa huku, tumezika huku, na bado mtu akikasirika sokoni anatuambia turudi kwetu. Lakini hayo ni mengine. Feza si Mluba. Kwao ni kaskazini ya ziwa Tanganyika, upande wa Uvira. Alikuja huku na shangazi yake kuuza ndagala, samaki wale wadogo wakavu, na Kalala akaanza kupenda ndagala ghafula, yeye ambaye tangu utoto harufu yake ilimtapisha. Ndivyo tulivyompata.

Mama yake Feza alipokufa, alikwenda kumzika. Watoto wake wawili, Ngalula na mdogo wake Mukendi, aliwaacha kwa dada yangu Kapinga. Akiwa kule, vita vikafika. Simu ikanyamaza. Tulikaa vile, hatujui tulie ama tungoje, na kukaa vile ni kubaya kuliko msiba, maana msibani majirani wanakuja na viti. Halafu siku moja akapiga kwa simu ya mtu: yuko hai, yuko Kalemie, katika kambi ya waliokimbia.

Mliniuliza kwa nini nilikwenda mimi na magoti haya, si mume wake. Kijana akionekana kwenye njia zile, huyu anamwita mpiganaji, yule anambebesha sanduku la risasi. Mzee wanamtazama kama kiti kilichovunjika. Nikasema: kiti kilichovunjika kitakwenda.

Barabara mnaijua. Malori yamejipanga kuanzia Kolwezi, kila moja na shaba yake, madereva wamelala chini kwenye kivuli cha magurudumu. Nilikaa karibu na mama mmoja mwenye kuku kwenye kikapu. Akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia Kalemie, kumchukua mkwe wangu. Akasema, "Tata, batu banakimbia kule, weye unaenda kule! Ulikosana na nani ku nyumba?" Gari zima likacheka. Nami nilicheka. Ilikuwa mara ya mwisho katika safari ile kucheka mpaka tumbo liume.

Tenke, kungoja

Treni ya kwenda kaskazini inapita Tenke. Inapita inapotaka. Nilimkuta pale mzee wa reli, amevaa kofia ya kazi, amekaa juu ya gunia la makaa.

"Treni itafika siku gani, papa?"

"Itafika, tata."

"Nimeuliza siku."

"Siku ile itafika, njo siku yake."

Basi tulingoja. Kungoja Tenke si kubaya ukiwa na meno. Kina mama wanapika bukari, ugali wetu, na sombe, majani ya muhogo, kando ya reli, ile sombe ya mafuta ya mawese, na mahindi ya kuchoma. Kila mama ana wateja wake, ukila kwa mwingine anakununia hata kama treni inaondoka kesho na hamtaonana tena mpaka mbinguni. Nililala kwenye simenti pamoja na watu wa Manono, watu wa Kabalo, na mwalimu mmoja aliyekuwa akisafiri na bati la nyumba lililokunjwa. Nilizungumza nao wote. Wote waliniuliza swali lile la mama wa kuku.

Kamina, Kabalo, mpaka ziwani

Safari ya kwenda sitaivuta sana. Treni inakwenda mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni asiyemtaka aondoke. Inasimama porini, fundi anashuka, watu wanashuka, wanapika, wananyonyesha, wanagombana, halafu honi inalia na wote wanakimbia na sufuria za moto mkononi. Kamina tulikula karanga. Kabalo ndipo nilianza kuona.

Niliona watu wakishuka kutoka treni iliyotoka ziwani. Hawakuwa na mizigo ya safari. Mtu wa safari anabeba kitu cha kufika nacho. Hawa walibeba kile mkono ulichokamata. Mama mmoja alikuwa na jiwe la kusagia, hana mahindi. Mwanaume mmoja alikuwa na spika za redio, waya tu na spika, redio yenyewe haipo. Nilimsalimia, akaniitikia vizuri sana, kwa adabu, halafu akaniuliza hapa ni wapi.

Kalemie, kambini

Kambi iko nje ya mji, kwenye mteremko. Mabashi meupe, maturubai ya msaada, yamefungwa juu ya miti, upepo wa ziwa unayapiga, yanalia usiku na mchana kama watu wanaopiga makofi kwa mbali. Nilitafuta sana. Kila mtu alimjua Feza fulani. Nilioneshwa akina Feza wengi, mmoja mzee kuliko mimi. Alipoona nimevunjika moyo akasema, "Nibebe tu mi, tata. Niko Feza pia, na najua kupika."

Jirani wa kibanda cha Feza wetu alikuwa mtu aliyekimbia na mlango. Nasema kweli: mlango wa nyumba yake, mbao nzito, na bawaba zake. Alikuwa ameulaza chini, wanalala juu yake yeye, mkewe na watoto. Nikamuuliza kwa nini mlango. Akasema, "Niliona nyumba itaungua. Mulango nilitengeneza na mikono yangu." Hakuona kuna cha kueleza zaidi. Yeye ndiye aliyeniita: "Tata, mukwe wako anatoka ku mayi."

Feza alikuwa anapanda mteremko na kidumu kichwani. Aliponiona alikiteremsha polepole, asimwage. Akapiga magoti kunisalimia, kama tulivyomfundisha, lakini kwa mbali, kama anayemsalimia mtu wa barabarani. Amekonda. Nikasema, "Mwanangu, batoto beko bazima." Akafunika uso na kitenge, akakaa hivyo.

Jioni ile chakula aliniletea mke wa mtu wa mlango. Feza alikuwa amekipika, niliona kwa macho yangu akisonga, lakini akamwita yule mama akampa sahani, yule mama akaniletea. Nilifikiri: ni desturi ya kambi. Au anaona haya kwa sababu ni unga wa msaada. Nilikula, nikamshukuru mama wa watu.

Kalemie mpaka Nyunzu

Tulipata nafasi kwenye behewa lililojaa mafuta ya mawese na samaki. Feza alikaa pembeni ya dirisha, mimi katikati, na mbele yetu Mama Tshala, mfanyabiashara kutoka Mbuji-Mayi, mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto.

Sasa sikilizeni vizuri. Asubuhi treni ikisimama, Feza anashuka kununua chakula. Ndizi, anaziweka kwenye benchi, anageuka, mimi nachukua. Muhogo, anamwambia muuzaji apitishe dirishani mkononi mwangu. Maji, anasema, "Tata, kidumu kiko pale." Sikupokea kitu kutoka mkono wake, hata kimoja. Siku ya kwanza nilikula tu. Siku ya pili nilianza kuhesabu makosa yangu: nilimkosea wapi? Nimevuka nchi na magoti haya, nimelala kwenye simenti, na mke wa mtoto wangu ananilisha kama mbwa anayeng'ata!

Basi Nyunzu nilipasuka. Alikuwa amepika bukari kando ya reli, akaiweka chini karibu na viatu vyangu, akasogea. Nikasema mbele ya behewa zima, kwa sauti:

"Weye, binti! Mi niko baba ya bwana yako. Unaniwekea chakula chini? Nani alikufundisha heshima ya namna hii? Nipe ku mukono!"

Watu wakageuka. Feza akashika mikono yake nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyeiba sukari. Kijana mmoja akasema, "Mama, mupe mukwe wako chakula, anakufa na njala," na wengine wakacheka.

Mama Tshala ndiye aliyenishika bega. Aliongea Kiluba, nami nakigeuza hapa, chini kwa chini, sauti ile kubwa ameikunja yote.

"Tata, weye Muluba ama hapana?"

"Mluba."

"Na una mvi hizi zote. Angalia mikono yake. Huyu mutoto hakutukani. Anakulinda."

Bukari ikanipoa mbele ya viatu.

Kwa ninyi msio Waluba: kwetu kuna sheria tunaiita tshibawu. Mke akijuana na mwanaume mwingine, awe ametaka au amelazimishwa kwa kisu, sheria haiulizi. Asipike akampa mume kwa mkono wake, wala baba mkwe, wala watoto, mpaka aseme yote mbele ya shangazi wa mume na kuku mweupe achinjwe. Akinyamaza na kuwalisha, kifo kinaingia nyumbani, na kinaanza na mume au na watoto. Siku ya kumwoa Feza, dada yangu Kapinga alimweleza yote haya, na Feza alicheka, akasema kwao hakuna mambo kama hayo.

Sasa alikuwa anaifuata kuliko sisi tuliomfundisha.

Porini, treni imekufa

Kabla ya kufika Kabalo gurudumu moja lilitoka kwenye reli. Tukashuka wote. Watu walitandaza mikeka kwenye majani, Mama Tshala akaanza kuuza mafuta kwa vikombe, maana biashara haijui ajali. Mimi nilimfuata Feza chini ya mti mkavu, nikakaa mbali naye kidogo.

Sikujua pa kuanzia. Nikaanza na mbaya: "Nisamehe ile maneno ya Nyunzu."

"Haukujua, tata."

Akaniambia. Sitaandika yote. Walifika kijijini kwa mama yake siku ya matanga, wenye bunduki. Wakala chakula cha msiba. Halafu wakachagua wanawake wa kuwapikia na kuwabebea, na Feza alikuwa mmoja wao. Walikaa nao msituni. Siku wenye bunduki wengine walipowashambulia, wanawake wakakimbilia ziwani. Hao wengine nao hawakuwa bora.

Nikamwambia, "Mwanangu, mi niko muzee. Tunaweza kunyamaza. Mi sijasikia kitu."

Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu Kalemie. "Tata, nikinyamaza, Mukendi akipata homa tu, homa ya mbu, nitasema ni mukono yangu. Kila siku akikohoa, ni mi. Nitaishi namna gani? Unataka nikuwe naangalia sahani ya batoto yangu kama sumu?"

"Basi tutafanya ile sheria."

"Njo ile nataka. Niseme, kuku ichinjwe, nipike, Kalala akule, batoto bakule. Biishe."

Nilimwambia sheria yetu inajua kufunga na inajua kufungua. Nilisema kwa nguvu, kama mtu mwenye mamlaka. Na niliamini. Siku zilizobaki alikuwa mwepesi kidogo. Kamina alimtania Mama Tshala kuhusu unene wake, na Mama Tshala akamjibu unene ni akiba ya vita. Chakula aliendelea kuniwekea kwenye benchi na kugeuka. Mimi nilikuwa nachukua na kusema asante kwa mgongo wake.

Dilala

Tulifika mchana. Watoto walikimbia kutupokea. Mukendi alikuwa amemsahau mama yake, akajificha nyuma ya Kapinga. Ngalula alimrukia shingoni, na hilo halikatazwi, kukumbatia hakukatazwi. Kalala alitoka ndani. Alisimama mbele ya mke wake akamshika kichwa kwa mikono miwili, mikono ile imejaa vumbi la mgodi, na akalia mbele za watu, mwanaume mzima. Wale mnaosema Kalala alimkataa, futeni. Hakumkataa.

Jumapili shangazi wakakaa, Kapinga katikati, kuku mweupe amefungwa mguu. Mtoto wangu alikaa kwenye kiti, mimi nyuma yake. Majirani mlikuwa ukutani, najua, niliona vichwa. Feza alipiga magoti uani akasema yote, bila kulia, sauti moja tangu mwanzo mpaka mwisho. Kuku akachinjwa. Feza akapika mwenyewe, akasonga bukari, akaweka sahani mbele ya mume wake. Kalala akanawa mikono. Lilibaki jambo moja ambalo kwetu ni dogo, ni la kupita tu.

Kapinga akasema, "Sasa taja jina yake."

Feza akamwuliza shangazi yule, "Jina ya nani, tantine?"

"Ya mwanaume. Bila jina haifunguki. Tunataja jina, bwana yako anasikia, anakula."

"Sijui majina."

"Moja tu, mwanangu."

"Tantine, habakusema majina. Balikuwa bengi. Nilikuwa naangalia chini."

Mnaelewa? Sheria ile ilitengenezwa na wazee wa kijijini, kwa ajili ya mke aliyependana na jirani. Jirani ana jina, ana baba, ana shamba. Nani kati ya wale wazee angewaza watu wasiokuwa na majina? Kapinga si mkatili. Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye kidevu. Akageukia shangazi wengine, wakanong'ona. Mmoja, Marie-Jeanne, akasema, "Atunge. Ataje jina yoyote, Jean, Pierre, tuishe, chakula inapoa."

Ni Feza aliyekataa uongo ule. "Kusema bongo mbele ya kuku? Ile njo itaua batoto." Na Kapinga akaitikia kwa kichwa, kwa sababu ni kweli. Uongo kwenye tshibawu ni mbaya kuliko kunyamaza.

Kalala alikuwa bado ameshika mikono yake hewani, imelowa, inakauka. Alimtazama mke wake, akatazama sahani, akawatazama watoto wake mlangoni. Nikamwambia, "Mwanangu, kula. Mi nasema kula." Akanyoosha mkono. Kapinga akalia kwa sauti, ile sauti mliyoisikia mpaka barabarani: "Kalala, ni batoto! Haitaanza na weye, itaanza na batoto!" Mkono ukarudi.

Hakuna aliyekula kuku yule. Tulimfukia nyuma ya choo.

Tulipiga simu Mbuji-Mayi kwa wazee wa ukoo. Wakajibu: tafuteni jina. Padri naye alikuja, akasema haya ni mambo ya giza, mwanamke hana kosa, kuleni. Ni mtu mzuri. Lakini padri hana mtoto wa kukohoa usiku.

Basi ndivyo ilivyo. Feza anaishi kwenye chumba kile cha uani. Anafua nguo za watoto, anawasuka, anawafundisha sala. Kapinga anawapikia. Ngalula akitaka mkate, mama yake anasema, "Enda kwa tantine." Kalala analala mgodini siku nyingi kuliko zamani, na akija anakaa kwenye ngazi ya chumba cha mke wake, wanaongea, nasikia sauti zao mpaka usiku. Kila mmoja anakula kwake.

Na Feza ameanza jambo ambalo linanikosesha usingizi. Kila mtu anayefika Kolwezi kutoka mashariki, mchimbaji, mfanyabiashara, mama wa samaki, anamfuata. Anamwuliza ametoka kijiji gani. Halafu anamwuliza: wale waliopita kwenu, ulisikia wakiitana majina? Yupi alikuwa na kovu hapa? Aliitwa nani? Watu wanadhani anataka kushtaki. Wengine wanaogopa, wanamkimbia.

Juzi alikuja kwenye kiti changu, akapiga magoti.

"Tata, ile treni ya Kalemie ingali inatembea?"

Nikajua anachotaka. Anataka kurudi kule, akatafute majina.

Nikamwambia imekufa, daraja limeanguka, haitapita tena mwaka huu. Akaitikia, akarudi chumbani kwake.

Jana kijana mmoja wa mototaksi aliniambia ameiona treni ile Tenke, imejaa watu mpaka juu ya paa.